Nyota Mbili, Simba Hayupo

Kwetu Paraguay simba ni mnyama wa kutariziwa. Hajawahi kukanyaga udongo huu kwa miguu yake. Chui tunao kule Chaco, mamba tunao mtoni, na mbu tunao wa kututosha sisi na majirani. Lakini simba ni mmoja tu, naye anaishi nyuma ya bendera. Mbele ya bendera kuna nyota katikati ya matawi mawili. Ukiigeuza, unamkuta bwana mkubwa ameketi, kofia nyekundu imetundikwa kwenye mti juu yake, na maneno Amani na Haki. Mataifa mengine yanatosheka na bendera ya uso mmoja. Sisi hatujui kufanya jambo kwa urahisi. Bahari hatuna, jeshi la wanamaji tunalo. Supu yetu huokwa kama mkate, inakatwa kwa kisu. Na tukigombana tunaanza kwa Kihispania tukamalizia kwa Kiguarani, maana matusi ya Kiguarani yananata zaidi.

Nyota hata mlevi anaitarizi. Kazi ni simba. Ukimkosea kidogo anakuwa mbwa. Ukimkosea sana anakuwa kondoo. Katika mji wetu huu wa kando ya mto, aliyemweza simba alikuwa mtu mmoja, Ña Lorenza, yaani Bi Lorenza. Bendera inayotangulia gwaride la tarehe kumi na tano Mei, siku ya uhuru ambayo pia ndiyo siku ya akina mama, ilitoka mikononi mwake tangu akiwa bi harusi.

Mimi ni Obdulia. Nauza majani ya tereré, kinywaji chetu baridi cha kunyonya kwa mrija kwa zamu, kwenye kona ya uwanja wa kanisa: mnanaa, mchaichai, mizizi ya kupoza tumbo na ya kupoza hasira. Natwanga kwenye kinu, mteja ananisubiri na chupa yake ya maji ya barafu. Mto umenichukulia nyumba mara mbili. Mume hakuchukuliwa na mto. Yeye alipanda boti mwenyewe. Kinu kikabaki, na kinu kina faida yake: hakuna habari ya mji huu isiyopita mbele yake.

Ndivyo nilivyojua, kabla hata ya padri, kwamba macho ya Ña Lorenza yameziba. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Na ndivyo nilivyomsikia Karai Emigdio, yaani Bwana Emigdio, mwenyekiti wa kamati ya gwaride, akimweleza mtu kwamba Asunción siku hizi bendera zinatoka kwenye mashine kama mikate ya chipa kwenye tanuri, tena rangi haichuji, na kwa nini tuendelee kumsumbua bibi wa watu.

Maneno yakamfikia bibi wa watu kabla tereré ya Emigdio haijaisha. Akamwita Blásida, binti yake wa pekee, nami nikiwapo, maana nilikuwa nimempelekea dawa ya kifua.

"Mwaka huu utashona wewe," akamwambia. "Ukiiweza, bendera ni yako mpaka ufe. Ukishindwa, Emigdio alete tambara lake la mashine, nami sitafungua mdomo. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Umesikia, lakini mbona unapumua kama ng'ombe anayepanda kivuko?"

Alikuwa na sababu ya kupumua hivyo. Blásida ni mama mtu mzima, watoto wake wana ndevu, lakini mama yake hakuwahi kumsifia kitu, hata mume. Na zamani, akiwa msichana wa shule, aliwahi kumtarizi simba kwenye kitambaa cha meza. Akampelekea mama yake. Ña Lorenza akakitazama kwa muda, akasema, "Mbwa mzuri. Anauma?"

Basi. Tangu siku hiyo Blásida anatarizi maua, ndege, majina ya watoto wachanga. Mnyama wa miguu minne, hapana.

Bendera yetu ni vitambaa viwili vinavyounganishwa mgongo kwa mgongo, kila kimoja na nembo yake. Kwa hiyo Blásida alifanya kama mtu mwenye akili: akamtafuta wifi yake. Digna ni dada wa mumewe, hakuolewa, anasema aliwaona wanaume wote wa mji huu na akaamua kumngoja atakayeletwa na mafuriko. Ulimi wake mkali, sindano yake si mbaya. Walikubaliana mbele ya kinu changu.

"Wifi, tugawane," Blásida akasema. "Vitambaa viwili, sisi wawili."

"Tugawane. Ila usinionyeshe chako, nami nisikuonyeshe changu. Si mama yako anasema ukionyesha kabla ya siku, uzi unakatika?"

"Ndivyo anavyosema. Kila mtu na lake mpaka asubuhi ya kuunganisha."

"Sawa, wifi. Najua utafanya vizuri *upande wako*."

"Na wewe upande wako, wifi yangu."

Wakapeana zamu ya mwisho ya tereré wakaachana. Neno simba halikutajwa. Mimi nilikuwa pale. Nilisikia kabisa jinsi lilivyokuwa halitajwi.

Wiki zikapita. Blásida akipita konani kwangu, anaimba. Nikasema, basi, simba amemkubali. Kesho yake anapita Digna, naye anaimba. Bendera moja, watarizi wawili, na wote wanaimba. Hapo mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nikaongeza mnanaa kwenye kinu nikafurahi nao.

Asubuhi ya gwaride tulikutana uani kwa Ña Lorenza, chini ya michungwa. Mei kwetu kuna baridi kidogo, kwa hiyo si tereré, ni mate, kinywaji kile kile kwa maji ya moto. Desturi ni vitambaa viunganishwe mbele ya mwenye bendera, na yeye ndiye aliye na neno la mwisho. Karai Emigdio alikuwa ameshafika, amevaa suti ya ndoa yake, vifungo vinaomba msaada. Ndani ya gari lake, kwenye kiti cha mbele, kulikuwa na kifurushi cha nailoni. Hakukificha sana.

"Ni tahadhari tu, Ña Lorenza," akasema.

"Hata jeneza ni tahadhari, Emigdio, lakini hatuendi nalo kwenye harusi. Kaa."

Nikamimina maji ya kwanza nikayaacha yazame kwenye majani, hayo kwa desturi ni ya Mtakatifu Tomaso, hanywi mtu. Ya pili nikampa bibi. Blásida akafungua kitambaa chake mezani. Jamani! Nyota inang'aa, majani ya matawi unaweza kuyahesabu, kila ncha imesimama kama askari.

"Haya wifi," akasema, uso umechanua. "Sasa mtoe mzee wako tumwone."

Digna aliacha kukunjua. "Mzee gani?"

"Simba."

"Simba si wako?"

"Wangu? Wangu ni huu hapa! Wewe ndiye mwenye simba!"

"Nani alisema?"

"Wewe ulisema 'upande wako'!"

"Na wewe ukasema 'upande wako'!"

Digna akakitandika. Nyota ya pili ikalala kando ya ya kwanza. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wahenga walisema. Hawa walikuwa karibu kufa bila simba. Kila mmoja alikuwa amemwogopa, kila mmoja akaona mwenzake ni mjinga aliyeachiwa simba, kila mmoja akaimba njia nzima kwa furaha ya kuokoka.

Kutoka uwanjani tukasikia bendi ya shule ikijaribu tarumbeta.

"Mbona kimya?" Ña Lorenza akauliza. "Simba amemla mtu?"

Akanyoosha mikono. "Nileteeni."

Blásida akampa vitambaa vyote viwili kama mtu anayejipeleka polisi. Vidole vya bibi vikatembea kwenye cha kwanza polepole, vikazunguka matawi, vikapanda kila ncha. Vikaenda cha pili. Vikasimama. Vikarudi cha kwanza kuhakikisha.

"Nyota mbili," akasema.

Karai Emigdio alikohoa. "Ña Lorenza, mimi sisemi kitu, ila bendi imeshajipanga, na pale garini..."

"Vizuri sana husemi kitu. Kunywa zamu yako. Wala usisogeze mrija, nakusikia unausogeza."

Akaacha mrija kama umemwunguza.

Blásida alipiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, mtu mzima yule. "Mama, niliogopa. Niliona afadhali nikuletee nyota nzuri kuliko mbwa mwingine. Nikajidanganya kwamba wifi anaye. Bendera nimeipoteza mwenyewe, usimlaumu mtu."

"Nilaumiwe nami," Digna akasema, na ulimi wake ule kwa mara ya kwanza ulikuwa mfupi. "Nami nilikimbia."

Ña Lorenza akainua kitambaa cha kwanza. "Hiki cha nani?"

"Changu, Mama."

"Sina la kusahihisha hapa."

Nyie hamjui sentensi hiyo ni ndefu kiasi gani katika nyumba ile. Blásida alilia mpaka nikampa kitambaa changu cha kufutia kinu, na kikamwongezea machozi kwa sababu ya tangawizi.

"Na changu, Ña Lorenza?" Digna akauliza.

"Chako kina ncha moja imelewa. Lakini kinafaa kwa kubeba. Obdulia, nenda chumbani, fungua sanduku la miguuni pa kitanda, niletee kilicho chini kabisa."

Nilijua kilichomo, mji mzima ulijua. Ni bendera yake ya kwanza, ile aliyoitarizi akiwa bi harusi, aliyoweka akiba ifunike jeneza lake. Kila mwaka ilianikwa jua, ikarudishwa sandukuni pamoja na majani ya kufukuza nondo, ambayo yalitoka kwangu. Nilipoitoa nje Karai Emigdio akavua kofia.

"Ña Lorenza, hiyo si ndiyo ile ya..."

"Ya jeneza, ndiyo. Vaa kofia, sijafa. Blásida, chukua mkasi, mkate simba. Kata duara, acha nafasi ya kukunja."

"Siwezi, Mama."

"Basi nikate mimi. Ila sioni, nikimkata mkia, utawaeleza wewe watu."

Blásida akachukua mkasi. Makali yalipoingia kwenye kitambaa mkono wake ukatulia, kama mikono ya watarizi inavyotulia. Simba akatoka mzima: mkia, kofia yake nyekundu, Amani na Haki, rangi imepauka kama mzee aliyetoka kuoga. Wakamketisha juu ya nyota ya Digna, ile iliyolewa, wakaanza kushona kumzunguka, mmoja kulia mmoja kushoto. Mimi nikishika kitambaa kisivutike.

Karai Emigdio akatumwa akaiambie bendi isubiri. Akarudi anahema.

"Wanauliza wasubiri mpaka lini?"

"Mpaka maji yaishe kwenye birika," Ña Lorenza akasema.

"Na yakiisha?"

"Obdulia atachemsha mengine. Wewe una miwani?"

"Ninayo."

"Basi tia nyuzi kwenye sindano."

Ndivyo mwenyekiti wa kamati alivyosherehekea uhuru wa nchi: suti ya ndoa, ulimi nje, analamba ncha ya uzi. Na alizitia vizuri, sitamnyima haki yake. Kifurushi cha nailoni kilibaki garini kikila jua peke yake.

Tulipofunga fundo la mwisho, Ña Lorenza alipitisha vidole pande zote mbili. Akaikunja, akamkabidhi binti yake. Hakutoa hotuba. Alisema, "Yako. Nenda, wanakusubiri."

Gwaride likatoka. Blásida mbele, mlingoti kifuani, anatembea kama amemeza mlingoti mwingine. Waliosimama upande wa kanisa waliona nyota wakapiga makofi. Upepo wa mto ukaigeuza, na waliokuwa upande wa soko wakamwona simba.

"Mbona mwaka huu simba amezeeka?" muuza chipa akaniuliza.

"Ametoka mbali kwa miguu," nikamwambia. "Hata wewe ungechoka."

Jioni tukarudi uani, kuna nyama kwenye makaa na supu ya kukata, watoto na wajukuu wamejaa na zawadi za siku ya akina mama. Ña Lorenza yuko kwenye kiti chake, bendera ya zamani yenye tundu katikati iko mapajani.

"Sasa mmenitia hasara," akasema. "Sina cha kufunikwa. Mtu hawezi kwenda kaburini na bendera yenye dirisha."

"Nitakushonea nyingine, Mama," Blásida akasema.

"Utanishonea. Nyota na simba, mkono wako mwenyewe. Usimpe Digna nusu."

"Mama, atatoka mbwa."

"Atoke. Nitakuwa ndani ya sanduku, sitamwona. Ila umfunze asibweke padri akihubiri."

Digna alicheka mpaka akamwagikiwa na kikombe cha mate mapajani. Blásida alicheka pia, huku anafuta macho.

Alianza wiki iyo hiyo. Simba wa kwanza aliniletea konani nimwone. Nikamwambia ukweli, ni kondoo aliyekasirika. Akamfumua. Wa pili alikuwa na uso wa Karai Emigdio. Akamfumua, ingawa huyo mimi nilimtaka. Huyu wa sasa manyoya yanakaribia kuwa ya simba, na macho yanakutazama kweli. Nikimwangalia najua kabisa kwamba anaweza kukamilika kabla ya Krismasi.

Mama yake anasema yeye hana haraka ya kufunikwa, atangoja hata simba huyo apate jike na watoto. Na binti, kila akifika kwenye mkia, anaona kosa ambalo hakuna mwingine anayeliona, anafumua.

Jana alikaa hapa na kitambaa mapajani, akaniuliza, "Ña Obdulia, niambie kweli. Mkia huu umekaa sawa?"

Ulikuwa umekaa sawasawa. Nilitwanga majani kidogo, nikampa zamu yake.

"Fumua, mwanangu," nikamwambia. "Shona polepole."