Mwenye Matairi

Mwaka huo Lorna Dutka hakufunga matairi ya theluji, yale yenye meno ya kushika barabara inayoteleza. Hakusahau. Oktoba alikwenda stoo, akayatazama yote manne yalivyopangwa juu ya rimu zake, kila moja limeandikwa kwa chaki upande wake wa gari, kisha akafunga mlango na kwenda kulala. Kwa mtu aliyezaliwa Saskatchewan, ambako baridi humgandisha ng'ombe akiwa wima, hilo halikuwa jambo dogo.

Alikuwa amechoka, basi. Vancouver, alikohamia, ni mji wa mvua. Theluji huja mara mbili tatu kwa mwaka, na kila ikija wenyeji huishangaa kana kwamba ni mgeni ambaye hawajapata kumsikia. Wanakwangua vioo vya magari kwa kadi za benki. Wanatoa theluji mlangoni kwa sinia la kuokea biskuti. Ukiwaambia wanunue matairi, wanacheka: yote hayo kwa siku tatu? Na katika wauguzi tisa wa majumbani wa ofisi yake, mwenye matairi alikuwa Lorna peke yake.

Kwa hiyo siku ya theluji wale wanane hubaki nyumbani, na wagonjwa wao wa kule milimani wote huwa wa Lorna. Miaka kumi na moja sasa. Punda afe, mzigo ufike. Mwaka uliopita alizunguka saa kumi na nne, akarudi nyumbani hawezi kuinama kuvua viatu, na kesho yake mwenzake mmoja akamwambia kwa tabasamu, "Bahati yako wewe, una matairi." Bahati! Lorna alitoka nje asije akamtukana mtu. Siku ile aliamua, akiwa na miaka hamsini na tisa, kwamba asiyetaka kutwishwa afiche mabega.

Theluji ikaja Jumanne moja ya Januari. Simu ililia saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa Parminder, msimamizi wa zamu.

"Dada Lorna, umeamka?"

"Nimeamka."

"Umeona nje?"

"Nimeona."

"Basi nakutumia majina. Leo si wengi, ni kumi na mmoja tu."

"Siendi, Parminder. Sijafunga matairi."

"Hujafunga? Kwani yako wapi?"

"Stoo. Mwaka huu niko kama nyinyi."

"Sawa. Lakini Mzee Ferris je? Wengine watangoja mchana, magari ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha theluji yapite. Yeye sindano yake ni saa mbili."

"Mtafutie mtu."

"Nimtoe wapi?"

"Mko wengi huko," Lorna akasema, akakata simu.

Alichemsha chai, akakaa dirishani na soksi zake nene. Kwa dakika kumi alionja raha ambayo hakuwa ameionja miaka mingi, raha ya mtu ambaye hatakiwi mahali. Kisha akamkumbuka yule mzee akiwa kwenye kiti chake, akingoja, hajala, kwa sababu Lorna mwenyewe ndiye aliyemkataza kula kabla ya sindano. Mzee Ferris alikuwa na miaka themanini na sita. Macho yake hayakuweza tena kusoma namba za insulini, na moyo wake ulikuwa mbovu kiasi kwamba daktari alimkataza kuinua hata ndoo. Angalau aambiwe kwamba leo atakuja mtu mwingine, tena kwa kuchelewa. Lorna akapiga simu.

"Usianze kunieleza habari za barabara, binti," mzee alisema kabla hajasalimiwa. "Najua utakuja. Nimeshavaa buti."

"Buti za nini?"

"Mwaka jana ulinitolea theluji ngazi zote ishirini na sita, mimi nimekaa dirishani kama bwana mkubwa. Niliona aibu wiki nzima. Leo utakuta njia safi mpaka barabarani."

"Mzee Ferris, sikia. Usitoke nje! Daktari alikwambia nini? Na leo mimi si—"

"Daktari bado amelala. Wewe njoo polepole, usiteleze."

Simu ikakatwa. Lorna alipiga tena mara tatu, ikalia bila kupokelewa. Majirani wa mzee huyo, kulia na kushoto, walikuwa Mexico wakiikimbia mvua. Alipiga simu ya dharura, akajibiwa kwa upole kwamba magari ya wagonjwa yote yamo barabarani, na mtu kutoa theluji kwake si dharura.

"Itakuwa," Lorna akasema, akaweka chai yake mezani.

Aliyabingirisha matairi kutoka stoo moja baada ya jingine. Akatia jeki. Nati za gurudumu la kwanza zilikuwa zimeshika kutu, na spana ilimtoka mikononi mara mbili. Jirani yake Gordon alikuwa upande wa pili wa uzio, na sinia la kuokea mkononi, akichimbua gari lake kubwa lililokuwa limeingiza pua ndani ya bustani ya maua ya watu.

"Si ulisema mwaka huu unapumzika?" Gordon akauliza.

"Na wewe si ulisema gari lako linavuta kwa magurudumu yote manne?"

"Linavuta."

"Naona. Limeteleza kwa yote manne. Acha sinia hilo uje usimame juu ya spana hii. Una kilo ngapi?"

"Usiniulize mambo ya siri," Gordon akasema, lakini akaja, akasimama juu ya spana, na nati ikalia ikaachia.

Walipomaliza ilikuwa saa moja na robo. Lorna aliangalia saa. Miaka mingine, siku ya theluji, saa hizo angekuwa ameshafika.

Tatizo la matairi ya theluji katika mji ule ni kwamba yako yakishika, ya wenzako hayashiki. Gari la Lorna lilipanda bila taabu hadi lilipokuta basi limelala kimshazari, limeziba barabara nzima, na nyuma yake magari saba yamekaa kila moja na upande wake, wenyewe wamesimama nje wakipigana picha. Akarudi nyuma. Akazunguka kwa njia ya shuleni. Huko nako kijana mmoja alikuwa akikanyaga mafuta kwa nguvu zote na gari lake halisogei, na Lorna akalazimika kupandisha gurudumu juu ya njia ya miguu ili ampite. Njia nzima alikuwa akisema peke yake, "Kaa ndani, mzee wangu. Kaa ndani tu."

Alifika saa mbili na dakika tano.

Ngazi zilikuwa safi. Zote ishirini na sita, kutoka mlangoni hadi barabarani, kingo zimenyooshwa vizuri, na juu yake imenyunyizwa chumvi ya mezani kwa sababu nyingine hakuwa nayo. Kwenye ngazi ya chini kabisa alikuwa ameketi Mzee Ferris, koleo magotini, uso rangi ya jivu, akiushika mkono wake wa kushoto kama aliyebeba mtoto mdogo.

"Umechelewa," alisema kwa pumzi fupi. "Lakini tazama."

"Nimeona. Ni safi sana. Kifua kinauma?"

"Kidogo."

Lorna alimpa aspirini atafune, akampima sukari palepale, akamwingiza kwenye gari na kumfunika koti lake mwenyewe. Hakungoja gari la wagonjwa. Alishuka mlima kwa gia ndogo.

"Wewe huchelewi," mzee alisema baada ya kona ya pili. "Kulikuwa na nini?"

"Sikuwa nimefunga matairi."

"Ulisahau?"

Neno ndiyo lilikuwa pale mdomoni, jepesi.

"Hapana. Nilichoka."

Wakaanza kuyaona maji ya ghuba kule chini. "Ungeniambia, binti," mzee akasema. "Mimi nilikuwa nakutolea njia wewe." Hakulisema kwa ukali, na afadhali angelisema kwa ukali.

Hospitali walimpokea mlangoni na machela. Baada ya robo saa muuguzi wa zamu alitoka, akasema ni moyo, yuko hai na sindano yake ameshachomwa. "Umemwahi," akamwambia Lorna, akimshika bega.

Lorna alilirudia gari lake akakaa bila kuwasha injini. Simu ikalia.

"Nimesikia uko barabarani," Parminder alisema. "Mzee je?"

"Yuko hospitali. Moyo. Alitoa theluji peke yake akinisubiri."

"Dada Lorna, nikwambie kitu. Novemba nilikuona pale kwenye maegesho ya ofisi, niliona hujafunga. Nikanyamaza, na leo asubuhi nikajifanya sijui. Niliogopa nikikuuliza utaniambia umechoka, halafu nitamtuma nani? Na sasa hivi kuna wengine wanne huko juu ambao magari ya chumvi hayatawafikia leo. Sijui hata nikuombe vipi."

Lorna aliutazama usukani. Mgongo ulikuwa umeshaanza kuuma pale pale pa mwaka jana.

"Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Miguuni una nini?"

"Malapa. Kwa nini?"

"Vaa buti. Nakupitia baada ya nusu saa. Mimi nachoma sindano, wewe unatoa theluji kwenye ngazi za watu, mpaka wote wanne waishe."

"Lakini mimi koleo sina."

"Nani analo mji huu?" Lorna akasema, akawasha gari. "Chukua sinia."

Lorna akasikia, mbali na simu, kabati la jikoni likifunguliwa na vyombo vikigongana.