Muhtasari Uliosafishwa

Kikohozi kilimjia Hedwiga kwa mara ya kwanza saa nne asubuhi, jua limewaka na Mlima Meru uko wazi mpaka kileleni. Alikuwa peke yake ofisini. Mtu akakohoa kidogo, kile kikohozi cha kusafisha koo kabla ya kusema mbele za watu, na sauti ilitoka kwenye benchi la dirishani. Akageuka. Benchi tupu! Akajifanya hakusikia, akaendelea kuchapa. Mwenye kikohozi kile alikuwa amezikwa siku tisa zilizopita.

Hedwiga alikuwa karani wa ofisi ya kata moja pembeni mwa jiji la Arusha. Jina la kata tuliache, wasije wakanitafuta. Kazi yake ilikuwa kuandika mihtasari ya vikao, na sifa yake ni moja: alijua kusafisha. Watu wakitukanana kikaoni, yeye aliandika kwamba wajumbe walibadilishana mawazo. Diwani Gerson alimpenda kwa hilo. Naye Gerson, jamani, kwa maneno humwezi! Muulize kuhusu maji, atakwambia suala limepokelewa, lipo kwenye mchakato, wataalamu wanalitazama kwa jicho la pekee. Watu wanapiga makofi, wanaondoka, na wakifika nyumbani ndipo wanaulizana: hivi amesema nini? Ugonjwa ukaenea kata nzima. Ukimfuatilia fundi cherehani gauni lako, "Lipo kwenye mchakato, mama." Hata Sia, binti yake Hedwiga wa darasa la tano, akiulizwa kuhusu vyombo vichafu alijibu, "Navifanyia kazi." Walicheka sana nyumbani kwao.

Yoeli ndiye hakucheka. Alikuwa mfugaji wa huko juu, ana ng'ombe wanne, na shamba lake la mahindi liko ng'ambo ya korongo. Kivuko cha mbao cha korongo hilo kilikuwa kimeoza. Vikao vitatu mfululizo alikuja, akakaa dirishani, akakohoa, akasema kwa Kiswahili chake cha kubabaika: "Mbao zimeoza. Mvua zikija, mtu atakufa. Andika jina langu, mimi Yoeli Efraimu." Mara tatu! Na mara tatu Hedwiga aliandika kwamba wajumbe waligusia miundombinu, na suala lilichukuliwa. Hakuna kivuko, hakuna kifo, hakuna Yoeli. Daftari aliloandikia kwa haraka kikaoni lilichomwa pamoja na takataka za ofisi, kama ilivyo desturi yao.

Mwezi wa nne mvua zikaja. Kivuko kilikatika Yoeli akiwa juu yake, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Msibani Gerson alisimama na miwani yake myeusi. "Hatukuwahi kupokea taarifa rasmi," alisema. "Sitaki kumsema marehemu, lakini tahadhari ni jukumu la kila mmoja wetu." Hakumshtaki mtu, si ndiyo? Lakini kabla jeneza halijashuka, watu walikuwa wanaambizana kwamba marehemu alikuwa amelewa. Yoeli, mwanakwaya asiyeonja hata mbege! Hedwiga alisikia yote, maana alisimama nyuma ya diwani akimshikia mwavuli.

Tangu asubuhi ile ya ofisini kikohozi kilimfuata. Dukani akipimiwa unga, kipo. Kanisani, padre akiinua hostia na watu wote kimya, kipo begani kwake. Kinakohoa halafu kinanyamaza, kama mtu anayesubiri aruhusiwe kusema. Akaacha kula. Akakonda.

Ndipo Nalepo, mjane wa Yoeli, alipoingia ofisini na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Nalepo. Pole sana, mdogo wangu."

"Nimekuja kuomba ile karatasi ya vikao. Baba mkwe anawaambia wanangu wasiwe wapumbavu kama baba yao. Nataka nimsomee, ajue mwanawe alisema."

Hedwiga akafungua kinywa. "Suala lako nimelipokea," akasema, "na linafanyiwa..."

Akaziba mdomo kwa mkono. Mungu wangu, ni Gerson mtupu! Kule dirishani mtu akakohoa. Nalepo hakugeuka.

"Karatasi haina kitu!" Hedwiga alipiga kelele, machozi yanamtoka. "Alisema, Nalepo. Alisema mara tatu. Mimi ndiye sikuandika."

Nalepo alimtazama Hedwiga mpaka huyu akaona aibu ya kuwa hai. Kisha akamfunga mtoto vizuri mgongoni. "Basi twende ukamwambie wewe."

Hedwiga alijua kazi yake ya ukarani imekwisha. Mpaka jioni Gerson angekuwa ameshaambiwa. Alifunga ofisi, akamfuata. Korongoni walivuka kwa kukanyaga mawe, maji yamepungua mpaka kwenye vifundo. Maji haya haya, alijiambia.

Mzee Efraimu, baba yake Yoeli, aliwapokea uani, wajukuu watatu wamemzunguka. Hedwiga alimwamkia, akasema yote akiwa amesimama. Mzee alisikiliza, mikono juu ya fimbo.

"Alisimama? Mbele ya diwani?"

"Alisimama, baba. Mara tatu."

"Yoeli alikuwa anaona haya kusema Kiswahili." Midomo ya mzee ilicheza. "Hata harusini kwake nilimsemea mimi." Akamgeukia Hedwiga. "Na ninyi mkamjibu nini?"

Maneno mazuri yalimjia Hedwiga kwa foleni, yote yameoga. Akayaacha yapite.

"Hatukumjibu, baba. Mimi nilimsikia, nikaogopa, nikamfuta."

Laiti angemfukuza! Mzee alimvuta mjukuu mdogo kabisa, akamsimamisha mbele ya Hedwiga, uso kwa uso.

"Sema tena," alisema. "Huyu hakusikia."