Pikapu ya Mkunga

Watu walimwita Sikio, na jina hilo hakulipata bure. Enzi zake, gari lilikuwa halijamaliza kukata kona ya kuingia karakanani kwake, naye keshasema, "Plagi ya tatu hiyo," au, "Mkanda umelegea," au, kwa wale aliowazoea, "Shemeji, umeendesha tena na breki ya mkono juu." Na hakuwa akikosea. Wapo wanaoapa kwamba aliwahi kujua ugonjwa wa lori kwa kusikilizishwa kwenye simu. Hapo wametia chumvi. Ilikuwa pikipiki.

Sasa ulikuwa mwaka wa pili tangu sauti nyembamba zianze kumtoroka. Alianza kuwakosa ndege wa alfajiri, akajiambia wamehama. Ukafuata mlio wa simu, akailaumu simu. Sauti nzito zilibaki zote: mngurumo wa injini, nyundo, kishindo cha mlango. Lakini kila kinacholia kwa wembamba, upepo unaovuja kwenye tairi, beringi iliyokauka grisi, kilikuwa kimeondoka bila kuaga. Hakumwambia mtu. Fundi anayeitwa Sikio anaanzaje kumwambia mtu?

Karakana yenyewe ilikuwa uwanja wa saruji uliolowa oili miaka mingi hadi ukang'aa, na ukuta mmoja wa spana, kila spana imechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe ili ikikosekana ijulikane. Nyuma ya ukuta huo huo mkewe alikuwa na chumba chake cha kushonea. Fundi magari huku, fundi cherehani kule, tofali moja katikati, miaka ishirini na saba. Palikuwa na kidirisha kati yao, lakini kilizibwa kwa gunia la matambara tangu siku moshi ulipopita ukaharibu gauni jeupe la bibi harusi. Siku ile walipatana, kwa sauti za juu kidogo: mambo ya injini aachiwe mwenye injini, mambo ya sindano aachiwe mwenye sindano. Mke alishika ahadi. Hakuuliza tena habari za gari lolote. Ila chakula tu, kwa namna ambayo Sikio aliiita bahati ya ndoa, kila siku kiliiva pale pale anapofunga boneti na kunawa mikono.

Basi ikaja pikapu ya Mkunga.

Mkunga alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mdomo mwepesi na mikono iliyopokea nusu ya watoto wa mtaa ule. Mama mjamzito akizidiwa, ni pikapu hiyo iliyompeleka hospitali kubwa. Ugonjwa wake ulikuwa huu: ikiwa mwendoni, nzima, ikisimama, inatetemeka mpaka vioo vinagongana, mngurumo unapanda na kushuka, na mara nyingine inazimika kabisa. Mafundi huuita ule mngurumo wa gari lililosimama sailensi, na pikapu hii sailensi ilikuwa imeikimbia.

Mara ya kwanza Sikio alisafisha plagi, akabadilisha kichujio cha hewa, akaiwasha. Ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Siku nne baadaye Mkunga akarudi.

"Fundi, kuna kimluzi," alisema mara hiyo ya pili. "Sikiliza." Akatoa mkobani kile kipembe cha mbao anachowekea sikio kusikiliza moyo wa mtoto tumboni. "Chukua hiki. Mimi kinanionyesha mtu asiyezaliwa, wewe kitashindwa kukuonyesha injini?"

Sikio akainama chini ya boneti, akaegemeza kipembe kwenye injini, akatega sikio. Akasikia ngoma nzito ya pistoni, na zaidi ya hapo, kimya. Mkunga, aliyekaa kwenye kiti cha dereva, alikuwa akimtazama. Jasho lilimtoka fundi wa watu.

"Unausikia?"

"Nimesikia," akasema Sikio. "Ni koili hiyo."

Ulikuwa uongo mdogo, wa maneno manne tu. Akafunga koili mpya, ile inayozipa plagi moto, na pikapu ikaondoka.

Jumanne ikarudi mara ya tatu, na safari hii Mkunga hakuwa na utani. Asubuhi ile alikuwa amembeba mama mwenye uchungu. Njia panda gari likazimika. Akawasha, likakataa. Akawasha, likakataa. Mara ya tatu likawaka.

"Mama amefika salama, na mtoto yuko salama," alisema. "Lakini pale katikati, Fundi, nilihesabu pumzi za yule mama. Sasa nipe ukweli. Kama limekushinda, niambie, nilipeleke karakana ya barabara kuu. Kesho nina mama mwingine anayenisubiri."

"Nipe leo," akasema Sikio. Moyoni aliongeza lake: leo lisipopona, jioni naacha ufundi, nashusha spana ukutani, moja moja, na sitaki kuulizwa. Alikuwa akifikiria njia panda ile. Neno lake moja, "nimesikia," lingeweza kuua watu wawili, mmoja wao hajapewa hata jina.

Akaingia kazini. Aliingia kiti cha dereva kama alivyoingia maisha yake yote, nusu mtu, mguu mmoja nje ya mlango, kwa sababu fundi hakai garini, fundi huwasha na kuruka kwenda kwenye boneti. Injini ikanguruma sawia. Akamwagia maji ya sabuni kila mpira na kila kiungo, akatafuta mapovu. Akatikisa nyaya. Hakuna kitu. Saa nzima ikapita.

"Hebu kaa wewe," akamwambia Mkunga.

Mkunga akapanda, akawasha, na pikapu ikaanza kutetemeka kama inayougua homa. Akashuka, akapanda Sikio. Ikatulia. Akarudi Mkunga. Ikatetemeka.

"Yaani hili gari lina adabu mbele yako tu," Mkunga akasema, hasira zikimpanda. "Kwa hiyo mgonjwa ni mimi?"

Sikio alikuwa amesimama na spana mkononi, hajui aiweke wapi, ndipo alipomwona mkewe anazunguka ukuta. Futi ya kupimia nguo ilikuwa shingoni, pini mbili mdomoni. Akaja akasimama mbele ya mumewe kabisa, uso kwa uso, akazitoa pini, akazichomeka kwenye ukosi.

"Baba watoto, samahani. Nina neno."

"Mama watoto, si sasa."

"Ni sasa. Najua tulipatana, lakini mama aliyebebwa asubuhi ni mteja wangu. Nimemshonea nguo za mtoto." Akageuka kidogo, bila kumwondolea uso. "Hilo gari nimelisikia mara zote tatu. Ukikaa wewe, linakwenda kama cherehani iliyotiwa mafuta. Akikaa yeye, unaanza mluzi. Mwembamba sana. Mluzi kwanza, halafu ndipo injini inakohoa. Haijawahi kukohoa kabla ya mluzi, hata mara moja."

"Injini ina sehemu mia za kupiga mluzi," akasema Sikio, na sauti yake mwenyewe aliiona imekosa nguvu.

"Hautoki kwenye injini. Mkunga akifungua mlango, mluzi unakuwa mkubwa. Akifunga, unafifia. Wewe ukifunga boneti, haubadiliki. Kwa hiyo umo ndani pamoja naye."

Sikio alimtazama mkewe kama aliyemwona mtu anatembea juu ya maji. Mwanamke huyu alikuwa amekaa nyuma ya tofali na gunia la matambara, mguu kwenye cherehani, macho kwenye pindo, hajaliona gari. Na kutoka huko gizani kwa ukuta alikuwa ameipima pikapu hiyo mlango kwa mlango, kama apimavyo bega na kiuno.

"Mbona huo mluzi hata mimi nausikia," Mkunga akadakia. "Si ndio niliokwambia, Fundi? Nawe ukasema umesikia."

Hapo palikuwa pabaya. Sikio akaukwepa uso wa Mkunga, akatazama chini, na kwa kutazama chini akaona miguu ya Mkunga, imening'inia nje kutoka kwenye kiti, viatu vyeupe vya zahanati. Akaitazama muda mrefu.

"Panda," akasema. "Washa. Usifunge mlango."

Mkunga akawasha. Pikapu ikatetemeka.

"Mguu wako wa kulia uko wapi?"

"Kwenye breki. Kwani mwenzangu wewe ukisimama unauweka wapi?"

"Nje," akasema Sikio polepole. "Mimi miaka yote nauweka nje. Hebu uondoe."

Mkunga akaondoa mguu. Mtetemo ukakatika, vioo vikanyamaza. Akakanyaga, mtetemo ukarudi. Akaachia, ukaondoka. Akarudia mara tano kwa furaha ya mtoto aliyegundua swichi ya taa, mpaka Sikio akamwomba apumzike.

Sasa mikono ya fundi ilijua pa kwenda. Nyuma ya injini, upande wa dereva, kuna kopo jeusi pana kama sufuria lililofunikwa, busta ya breki, linalovutwa na pumzi ya injini ili mguu wa dereva usichoke. Ndani yake mna kiwambo cha mpira. Kiwambo kikipasuka, kila breki inapokanyagwa hewa hupenya kwa mluzi, hukimbilia kwenye injini, na injini hupaliwa. Sikio akachukua koleo, akaubana mpira utokao kwenye kopo lile, akaubana hasa.

"Kanyaga!"

Mkunga akakanyaga. Pikapu ikanguruma, nzito, sawa, haina wasiwasi. Sikio akaweka kiganja juu ya injini na kuuhisi ule utulivu ukimpanda hadi kwenye kiwiko.

"Na breki zenyewe hazikuwa ngumu siku hizi?" akauliza.

"Ngumu sana. Nilidhani ni magoti yangu yanazeeka."

Mke alikuwa keshageuka kurudi kwenye pindo lake. Sikio akazima gari, na katika ule ukimya akajikuta anasema, mbele ya Mkunga na spana zote ukutani:

"Sikuusikia. Siku ile nilidanganya. Hata leo siusikii. Sauti nyembamba zimenitoroka mwaka wa pili huu."

Mkunga akamwangalia. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema, kwa upole kuliko kawaida yake. "Na leo kilitaka kumuumbua mtu mwingine kabisa, Fundi."

"Najua. Nisamehe."

"Umesamehewa. Usirudie."

Sikio akamgeukia mkewe, akitarajia mshangao. Hakuuona.

"Ulijua?"

"Birika lililia mpaka maji yakakauka, nawe umekaa pembeni yake unasoma gazeti. Ningekosaje kujua?"

"Mbona hukusema?"

"Wewe ulikuwa hujaniambia."

Ndipo vitu vingi vikaja kukaa mahali pake. Miaka miwili sasa mkewe hakuwa akimwita kutoka chumbani. Alikuwa akija, akimgusa bega. Alikuwa akisimama mbele yake kabla ya kusema lolote. Usiku alikuwa amehamia upande mwingine wa kitanda, akisingizia upepo wa dirisha, na sasa Sikio alikumbuka kwamba upande huo ndio wa sikio lake lenye nafuu. Aliona aibu, na juu ya aibu akaona kitu kikubwa zaidi, ambacho kilimfanya avue kofia yake ya kazi na kuishika mkononi.

"Kwani ukiwa kule unasikia yote?" akauliza. "Magari yote?"

Mkewe akacheka. "Baba watoto, miaka ishirini na saba umekuta chakula kina moto, kila siku, saa ile ile unayofunga boneti. Siku nyingine saa saba, siku nyingine saa kumi. Ulidhani ni bahati? Mimi gari likipona najua. Likishakaa kwenye sauti yake, ndipo naweka maji jikoni."

Akaenda zake. Sikio akabaki na kofia mkononi. Alijaribu kuyahesabu magari yaliyopita pale, akashindwa. Yote hayo yalikuwa yameponywa huku na kupitishwa kule, na yeye hakujua kwamba karakana yake ina mkaguzi.

Alitoka kutafuta busta nyingine, akaipata nzima kwenye pikapu kuukuu iliyokwisha kung'olewa injini, akaifunga. Kufikia saa kumi kazi ilikuwa imekwisha. Akamkalisha Mkunga kwenye kiti, akamwambia awashe, aache mlango wazi, akanyage breki asiachie.

Injini ikawaka. Kwa masikio ya Sikio ilikuwa njema. Lakini hakwenda kwenye boneti. Alikwenda kwenye ukuta wa spana, akapanda juu ya tairi, akalishika lile gunia la kidirishani na kulivuta. Lilitoka na vumbi la miaka, na mwanga ukapita. Upande wa pili mkewe alikuwa ameinamisha kichwa kwenye kitambaa cha bluu.

"Mama watoto," akasema. "Linasemaje?"

Mkewe akaacha kukanyaga cherehani. Akaweka mkasi chini. Akainamisha kichwa upande, macho yakatazama mahali ambapo hapana kitu, na Sikio, aliyewahi kungojewa hivyo hivyo na madereva mamia, akangoja. Aliutazama uso ule mstari kwa mstari, ukisikiliza mahali ambapo yeye hafiki tena.

Mkewe akainuka, akakung'uta nyuzi kwenye gauni, akaenda kuweka maji jikoni.