Saa ya Kuchanua Vidungusi

Bwana Delmiro alijua kila kitu cha shamba lake, ila yale yaliyotokea akiwa anakoroma. Na alikoroma kila siku, akishakula mchana mpaka jua lilegee, kama walivyokoroma baba yake na babu yake, Mungu awarehemu, pamoja na mbwa wao.

Kwa hiyo alipoamua kupanda mikaratusi kwenye kilima cha mawe, hakuona hasara.

"Pale pana nini, Zulma? Vifungo vya koti vilivyoota miiba!"

Mkewe alivipenda vile vifungo tangu alipoolewa. Vidungusi vya kahawia, vina mbavu nyembamba kama zimechorwa kwa ukucha, na kiangazi hujizika changaraweni usivione. Jamaa zao, madungusi makubwa yenye manyoya ya dhahabu, yalichanua kutwa bila haya, kama dada zake Delmiro kwenye harusi za watu.

"Na hivi vidogo vinachanua, mzee wangu."

"Miaka yote hii sijaona ua."

"Utaonaje? Vinangoja jua kali, saa ile ile unayolala. Kidogo tu, vinafumba."

"Haya, kesho nionyeshe. Nikiliona, kilima chako. Nisipoliona, jirani Olivera alete trekta lake."

Kesho yake Delmiro akaketi kwenye kigoda kule kilimani, kofia kichwani, kibuyu cha chai chungu mkononi, shujaa kabisa. Chai haijapoa, kidevu kikatua kifuani.

Zulma, roho juu, akakodolea macho tumba moja lenye manyoya. Likapasuka taratibu, likafunguka: njano tupu, pana kuliko mmea wenyewe. Na mwamuzi anakoroma!

"Delmiro! We Delmiro!"

Wapi! Akakivuta kigoda.

Shujaa akaenda chini, pua ikasimama kando ya ua. Akalitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mkewe.

"Nilifumba macho kwa sababu ya jua," akasema hatimaye.

"Naam. Na jua ndilo lililokuwa linakoroma."

Jioni jirani yao Olivera akapita kuulizia kazi ya trekta.

"Kilima hakiguswi!" Delmiro akamwambia, kifua mbele. "Nimegundua ua pale, bwana, hakuna aliyewahi kuliona. Linataka mtu wa subira. Wanawake hawaiwezi subira hiyo."

Zulma akaongeza maji ya moto kwenye kibuyu cha chai ya mumewe.

"Kweli kabisa, mume wangu," akasema. "Hebu mwambie tena Olivera, asikie vizuri."