Chatu Kwenye Kabati la Vyombo

...angalau angetoboa ubavuni, mahali wageni hawaoni, lakini hapana, matundu anayatoboa hapa mbele, kwenye mlango wa kabati langu, mbao ya mninga niliyoichagua mwenyewe kwa fundi wa Ushirombo, nikaishikilia njia nzima nyuma ya pikapu isichubuke, shika wavu Mama Enock, anasema Maige, nashika, vikombe vyangu vimo kwenye beseni sakafuni kama vyombo vya msibani, kioo kimetolewa, ndani ametandika blanketi, blanketi langu, hakuuliza, na bakuli la maji, na kona ya giza, kwa sababu chatu hapendi kutazamwa akila, anapenda pajoto, hapendi moshi, yote anayajua, mimi sikumbuki kama aliwahi kuniuliza napenda nini... ghala lilipoangushwa na mvua, sanduku la chatu likavunjika, alimpeleka kwanza kwa Asteria, mke mdogo, nyumba ile ng'ambo ya uwanja, Asteria akalia, siku hiyohiyo akamtoa, Asteria anaogopa, ana mimba, asishtuliwe, sawa, na mimba yangu ya Enock je, ghala lenyewe lilikuwa halijajengwa, gunia la chatu lilikaa chini ya kitanda changu, linajongea usiku, mimi nimeng'ata kanga, ukiolewa na mcheza nyoka umeolewa na nyoka wake, alisema mama mkwe, akacheka... watu wanamshangilia Maige akicheza ngoma na chatu shingoni, hawajui nani alimlisha alipokwenda machimboni Geita, kuku wangu mwenyewe, nikimsukumia kwa mti wa ufagio, nimefumba macho, akarudi akamkuta amenenepa, akasema wewe umezoea, na leo asubuhi tena, atakaa kwako, wewe umezoea, nikanyamaza, heshima ya mke mkubwa ndiyo hiyo, kuzoea, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole... dada, hajatoka kwenye gunia? Asteria anaita kutoka mlangoni kwake, hakaribii, ameshika tumbo, bado, namjibu, kaa hukohuko, simchukii, yeye alilia akaokoka, mimi nilidhani kunyamaza ndiko kutaniokoa... sasa gunia miguuni pa Maige linajongea, anaweka nyundo chini, analipapasa, sauti yake inashuka, inakuwa laini, usiogope, analiambia gunia, usiogope, hapa ni kwako, na mimi, siku waliyonileta nyumba hii nilisimama hapa mlangoni, natetemeka, nikisubiri mtu aniambie maneno hayohayo, nikajifariji kwamba Maige hana, wanaume wengine hawakujaliwa maneno, nikamsamehe miaka yote hii kwa sababu hana, kumbe anayo, kumbe alikuwa nayo siku zote... naogopa, Baba Enock, neno limefika ulimini, tangu siku ile naogopa, lakini la nini sasa, atashangaa tu, kesho beseni hili najitwika mpaka stendi, nakwenda Songwa kwa mdogo wangu Serafina, vikombe vinanitosha, kabati silidai, lina mwenyewe... shika vizuri basi, anasema Maige bila kunitazama, amebakiza msumari mmoja, nashika.