Prosesa ya Pili

Shangazi wa mume wangu hajui seva na friji vinatofautiana wapi, lakini ndiye aliyehukumu. Alikuja kutugawia vitu baada ya mume wangu kuniambia, huku anamenya chungwa, kwamba amepata mwingine na anahamia kwake, mji wa mbali. Meza kwangu, kabati kwake. Tukafika chumba cha nyuma, inaponguruma seva yetu inayohifadhi kazi za shule na zahanati za jirani.

"Na hili dude lina nini ndani?" Shangazi akauliza.

"Lina prosesa mbili, Shangazi. Ndio ubongo wake," nikajibu.

"Mbili? Basi wanangu, kila mtu na ubongo wake." Akaomba chai.

Ningekuwa jirani ningecheka. Lakini moyo ulikuwa umevimba, nami bado nilikuwa nampenda yule mwanamume, tena kwa upumbavu. Nikajishikiza kwenye tumaini moja. Prosesa ya pili tuliiongeza wenyewe mwaka tuliooana, na tangu hapo mashine haijawahi kufanya kazi na moja. Ikigoma kuwaka, hataondoka. Mume wangu hawezi kuiacha mashine imelala. Atakaa nayo mpaka ipone, na akikaa atalainika. Namjua.

Siku ya kuitoa ile prosesa tuliwaarifu wateja, tukaizima, tukachomoa nyaya. Bati la kupozea joto linalokaa juu ya prosesa halifunguliwi upande mmoja mpaka mwisho; skrubu hulegezwa kwa mshazari, kidogo kidogo, lisije likabinuka. Ndiyo maana tuna mtindo wetu: mmoja anaita, mwenye bisibisi anajibu.

"Moja."

"Imelegea."

"Nne."

"Imelegea, mke wangu."

Akakohoa kikohozi cha uongo. Mimi moyo uliruka, nikaisahau skrubu inayofuata, ikabidi anikumbushe.

Aliinyanyua prosesa kwa ncha za vidole. Chini yake soketi ilibaki wazi, imejaa visindano vyembamba kama unywele. Nilikuwa nimeshika tochi, na kidole changu kilikuwa karibu. Nikivipapasa kidogo tu, bodi nzima iliyobeba prosesa zote inakuwa chuma chakavu, na yeye anabaki. Sikuvigusa. Usinisifu, ndani ya ile mashine kuna kadi za kliniki za watoto wa watu. Nikafunika soketi kwa kifuniko chake cha plastiki.

Vijiti vya memori vilivyokuwa upande wa prosesa ya pili visingeonekana tena na mashine bila hiyo. Akavihamishia vyote upande wa kwanza, hakuchukua hata kimoja, akabonyeza kila kijiti mpaka kikakaa sawasawa. Alifanya kwa uangalifu mno, na uangalifu ule ndio ulionichoma. Mtu anayekuacha kwa ubaya angalau unapata pa kumchukia.

Tukawasha. Feni zikavuma. Skrini ikawa nyeusi, ikabaki nyeusi, nami nikamwomba Mungu mashine isiwake, mimi fundi mzima niliyeapa kuzitunza. Mume wangu akajikuna shingo. Akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akakunja mikono ya shati. Nilimwona tayari amekaa hapo mpaka kesho, nami nampikia.

Maandishi yakatokea. Prosesa: moja. Memori: yote ipo. Mashine ikaendelea na shughuli zake bila kinyongo.

Simu ikalia. Alikuwa karani wa zahanati. Mume wangu akaweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Imerudi, mafundi! Mmebadilisha nini? Mbona sioni tofauti?"

"Tumepunguza kidogo tu," akajibu. Akakata simu, akavaa koti.

"Usiende," nikasema. Sikuwa nimelitamka kabla, si kwake, wala mbele ya Shangazi. "Bado nakupenda. Sitaki nusu ya kitu chochote. Kaa."

Alisimama pale, kiboksi cha prosesa mkononi, akaiangalia seva, kisha akaniangalia mimi. Machozi yalikuwa yananitiririka, wala sikuyafuta, ningemficha nani? Nikangoja.

"Asante sana, dada," akasema.

Dada. Ndivyo anavyomwita mwanamke anayemuuzia vocha, ndivyo anavyomwita yeyote asiyemjua jina. Hakukusudia kuniumiza, alilisema kwa upole kabisa. Kisha akatoka, akaurudisha mlango taratibu, vumbi lisije likaingia kwenye mashine.