Nafula Amemwinamia Nani?

Picha ilimfikia Nakhumicha kupitia kundi la akina mama wa kanisa, na hilo peke yake lilimuudhi. Binti yake Nafula, anayesomea udaktari China, ameinama mbele ya sanamu ya mzee mwenye ndevu! Ayuma, katibu wa kundi, alikuwa ameitoa Facebook na kuandika chini yake: "Dada, tuombe." Tuombe nini? Si angesema tu!

Na Jumapili ndiyo ibada ya shukrani. Nakhumicha alikuwa amealika nusu ya mtaa wao wa Umoja waje kumshukuru Mungu kwa vile Nafula alimaliza mitihani mwezi wa saba. Sasa asimame amshukuru Mungu yupi?

Aliiacha cherehani yake saa nne asubuhi, akapiga simu ya video.

"Uko wapi?"

"Bado niko hapa hekaluni, mama. Hekalu la Konfusio. Ni la zamani sana, watu huja kulitembelea tu."

"Nionyeshe lote."

Nafula akazungusha simu. Nakhumicha akakodoa macho kama askari wa supamaketi. Alitafuta damu, akatafuta manyoya ya kuku. Wapi! Palikuwa safi kuliko kanisa lao, na usafi huo nao ukamtia shaka.

"Huyo mzee ni mungu gani?"

"Si mungu. Alikuwa mwalimu."

"Mwalimu anafukiziwa udi? Aka! Nafula, usinifanye mjinga."

Simu ikapita kwenye ukuta uliojaa vibao vyekundu vilivyofungwa kwa kamba.

"Na hivyo?"

"Wanafunzi huandika majina yao wakiwa na mtihani, ili mzee awasaidie wapite. Ni desturi ya hapa."

Pembeni mwa kioo ulionekana mkono wa Nafula, umeshika kibao kimoja. Wino ulikuwa haujakauka.

Mambo ya sanamu yakamtoka Nakhumicha kichwani.

"Wewe una mtihani gani?"

Simu iliinama, ikaonyesha viatu.

"Si ulimaliza mwezi wa saba?"

"Nilianguka, mama. Narudia Jumatatu. Nilitaka kukwambia, lakini ulikuwa umeshaalika watu."

Woi! Hasira zilimpanda Nakhumicha hadi kooni, zikakutana na huruma huko huko. Miezi yote hiyo mtoto amebeba aibu peke yake, hadi akaenda kumlilia mzee wa mawe, kwa sababu mama yake hakuambilika.

"Hapo umeandika jina gani?" aliuliza.

"Nafula tu."

"Ongeza la baba yako. Huyo mzee asije akakuchanganya na Nafula mwingine."